Macho matupu, simu, bainokula au darubini: uanze na kipi kuujua ukweli wa anga?

Kila ukifika mwezi wa nane inarudi ile meseji. Usiku wa tarehe 27 sayari ya Mirihi (Mars) itakuwa kubwa kama mwezi, tutaona miezi miwili angani, haitatokea tena, mtumie kila unayempenda. Mwaka jana niliipata kwenye magrupu matatu ndani ya siku mbili, la ukoo, la kanisa na la wazazi wa shule, na mpwa wangu aliyeko Moshi, yuko darasa la sita, akatoka na sweta lake akakaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka saa tano usiku. Asubuhi akanipigia. "Shikamoo anko. Sa mi ntajuaje kipi cha kweli wakati siwezi kwenda huko juu?"

Meseji yenyewe ilianza na jambo la kweli. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilisogea karibu na dunia kuliko ilivyowahi kwa karibu miaka 60,000, ila huo ukaribu ni kilomita milioni 56, na maandishi ya mwanzo yalisema ukiitazama kwa kifaa kinachokuza mara 75 ndo utaiona kubwa kama mwezi unavyoonekana kwa macho. Watu walivyozidi kutumiana, hicho kipande cha kifaa kikadondoka njiani na mwaka nao ukadondoka. Ndo maana nikaona nimjibu mpwa wangu kwa njia ya vifaa, na kwa kuwa kuna wazazi na walimu kadhaa hapa Arusha wameniuliza hilohilo (ninunue nini?) naliweka hapa kwa wote.

Vigezo nilivyotumia ni vilevile kwa vyote vinne. Gharama, na hapo weka bando, nauli ya kutoka mjini, kila kitu. Usumbufu, maana mawingu yetu mnayajua. Halafu uongo gani kinauvunja, hiki kwangu ndo kigezo kikubwa. Afu kuna kigezo ambacho watu hawakiulizi kabisa, uongo gani kinauleta chenyewe, kwa sababu kila kifaa kina wake. Mwisho kinamfaa nani. Na nikisema bainokula namaanisha ile ya macho mawili wanayovaa shingoni waongoza watalii, nikisema darubini ni ile ndefu ya kusimama kwa miguu mitatu.

Macho matupu

Gharama hamna. Usumbufu ni mawingu na taa. Juni na Julai Arusha unaweza kukaa wiki nzima hujaona nyota, masika ndo usiseme, ila Januari na Februari anga linafunguka vizuri. Ukitoka kidogo kwenda Kisongo au ukipanda kuelekea Oldonyo Sambu ambako ni pakavu utadhani uko nchi nyingine.

Watu wanayadharau macho lakini kwa kuvunja uongo mimi nayaweka mbele sana. Chukua huu wa kwanza, kwamba joto na baridi vinatokana na dunia kulikaribia jua au kuwa mbali nalo. Sisi huku tunaudaka kirahisi kuliko wengine kwa sababu unaendana na hali yetu: dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita kama milioni 147, na Januari Moshi kuna joto la kufa mtu, halafu inakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152, na Julai tunavaa makoti. Inaonekana imekubali kabisa! Ila Januari hiyohiyo Ulaya wanazoa theluji na dunia ni moja na umbali ni uleule. Kinachobadilika ni mlalo, dunia imeinama nyuzi 23 na nusu, kwa hiyo kuna miezi upande wa kaskazini unapigwa na jua la wima na kuna miezi wa kusini.

Na hilo unaliona kwa fimbo. Simika fimbo uani, angalia kivuli saa sita na nusu mchana (jua letu linafika juu kabisa mida hiyo, sio saa sita kamili). Desemba kivuli kinalala kuelekea mlima Meru kwa watu wa Arusha, kuelekea kilele cha Kibo kwa watu wa Moshi, yani kaskazini. Juni kinageuka kinalala kusini. Katikati ya hapo, karibu tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, fimbo inakosa kivuli kabisa. Baridi yetu ya Julai inatokana na hilo jua kuegemea kaskazini pamoja na upepo wa kusi na yale mawingu yanayotufunika, umbali hauhusiki.

Uongo wa pili ni kwamba mwezi unapungua kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika. Hapa unahitaji chungwa. Subiri siku kama saba baada ya mwezi kuandama, saa kumi jioni toka nje, nusu mwezi utakuwa uko juu na jua nalo bado lipo magharibi. Nyoosha mkono ushike chungwa pembeni ya mwezi huku jua linalipiga. Chungwa litakuwa na nusu ya mwanga na nusu ya kivuli, upande uleule na mkato uleule kama mwezi. Mpwa wangu alipofanya hivi alinyamaza, akashusha mkono, akaupandisha tena. Hamna kivuli cha dunia hapo, ni upande wa mwezi wenyewe ambao jua haliufikii. Kivuli cha dunia kinaufikia mwezi siku ya kupatwa tu.

Sasa macho nayo yanadanganya. Mwezi mpevu wa Desemba ukichomoza upande wa Kilimanjaro unaonekana mkubwa ajabu, mtu anakuapia umesogea. Nyoosha mkono uufunike kwa ukucha wa kidole kidogo, halafu saa sita usiku ukiwa juu ufunike tena, ukucha uleule unatosha. Macho pia yanakwambia nyota zote ziko umbali mmoja kama zimebandikwa darini, na kwamba kimondo ni nyota imeanguka, wakati vingi ni punje ndogo kama mchanga zinazoungua zikiingia kwenye hewa yetu.

Yanamfaa mwalimu mwenye darasa kubwa, mtoto mdogo, na yeyote mwenye subira ya miezi. Asiye na subira hayatamfaa.

Simu

Gharama ni bando tu, programu ya ramani ya nyota kama Stellarium inapatikana bure. Usumbufu, dira ya simu inachanganyikiwa ukisimama karibu na gari au ukuta wenye nondo, inakuonyesha sayari ya Zuhura (Venus) upande ambao haipo, basi izungushe simu hewani kama unachora namba nane itakaa sawa. Na mwanga wa skrini unaharibu macho, yanahitaji kama nusu saa gizani ndo yazoee, ukiangalia simu mara moja unaanza upya.

Inachovunja vizuri ni hofu. Ule msururu wa taa unaopita angani kama treni, ambao kila ukitokea kuna mtu anarekodi anasema ni viumbe au ni dalili za mwisho, ni satelaiti za Starlink zikiwa bado hazijasambaa baada ya kurushwa, na simu inakupa jina na saa ya kupita. Hivyohivyo kituo cha kimataifa cha anga, ISS. Kinapita kama nyota kali isiyopepesa, dakika tatu mpaka sita, jioni au alfajiri tu. Hakina taa kubwa kama watu wanavyodhani, kinapigwa na jua ambalo sisi huku chini limeshatuzamia.

Na ukijua kinapita umbali gani unashtuka. Kilomita 400 hivi, kama Arusha kwenda Dodoma kwa barabara. Watu wanafikiri wale wanaanga wanaelea kwa sababu wametoka nje ya uvutano wa dunia, kumbe pale uvutano upo karibu asilimia 90 ya huu tunaousikia hapa. Wanaelea kwa sababu wanaanguka muda wote, ila wanakimbia kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila wakianguka dunia nayo imeshajikunja chini yao hawaifikii. Hili simu inaweza kukuambia lakini haiwezi kukuonyesha. Chukua chupa ya plastiki, toboa tundu karibu na kitako, jaza maji, acha kizibo wazi. Maji yanachuruzika. Sasa panda kwenye kiti uiachie idondoke. Kwa ule muda mfupi iko hewani maji yanaacha kutoka, kwa sababu chupa na maji vinaanguka pamoja hakuna kinachomsukuma mwenzake. Wanaanga na kituo chao wako hivyo kutwa nzima.

Uongo inaouleta simu ni wa kipimo. Kwenye skrini sayari zimekaa karibukaribu, kubwakubwa, na picha za rangi ambazo jicho lako halitaziona kwa kifaa chochote. Inamfaa mwenye haraka na anayetaka jina la kitu alichokiona. Isiwe peke yake tu.

Bainokula

Hapa sisi wa Arusha tumebarikiwa na hatujui. Mji umejaa bainokula za safari. Mimi ya kwanza niliazima kwa mzee jirani yangu, dereva wa watalii mstaafu, baadae nikapata yangu ya mtumba kwa shilingi elfu 70 ambayo mkanda umekatika lakini lenzi ziko safi. Ukinunua mtumba iangalie hivi: itazame kwa upande wa mbele uone kama lenzi zina ukungu ndani, halafu lenga waya wa umeme wa mbali, ukiona nyaya mbili badala ya moja achana nayo, imegongwa.

Zile namba, 8x42 au 10x50, ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu wanakimbilia ya kukuza sana na hapo wanakosea, ikizidi 10 mkono wako unatetemeka nyota inacheza hovyo. Yule mzee alinifundisha kitu ambacho sikukiona kwenye maelekezo yoyote: egemeza viwiko juu ya paa la gari, pumua nje, ndo utazame. "Simba hakusubiri ukae sawa," aliniambia, "ila nyota itakusubiri."

Inavunja nini? Kwanza ile Mirihi. Itazame kwa bainokula, inabaki nukta nyekundu, hata inapokuwa karibu kabisa. Ukiona hivyo kwa macho yako meseji ya mwezi wa nane haikupati tena maisha. Pili, kwamba sayari ni nyota tu zenye jina. Lenga Mshtarii (wengi wanaiita Jupita), egemea vizuri, utaona vidoa vidogo vimejipanga pembeni yake kwa mstari, viwili, vitatu au vinne. Chora kwenye daftari. Kesho yake saa ileile chora tena, vimehama. Hiyo ni miezi yake, Io, Europa, Ganymede na Callisto, na Galileo alipoiona Januari 1610 ndo akapata ushahidi kwamba sio kila kitu kinaizunguka dunia. Mi nilikaa siku tano nachora na siwezi kuwaelezea vizuri jinsi ilivyonigusa, mtu uko Sakina na bainokula ya elfu 70 unaona kitu kilichobadilisha dunia.

Tatu, kwamba nyota ni hizi tunazoziona. Nenda kwenye Kilimia, zile sita au saba ambazo wazee walizitumia kujua msimu wa kulima, kuna usemi kabisa, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa bainokula zinakuwa makumi. Nne ni huu wa "upande wa giza wa mwezi". Fuatilia madoa ya mwezi usiku baada ya usiku, ni yaleyale, kwa sababu mwezi unajizungusha mara moja kwa kila mzunguko wake, sura ni moja siku zote. Lakini upande wa pili una mchana wake kama huu wetu. Picha ya kwanza ya huko ilipigwa na chombo cha Umoja wa Kisovieti, Luna 3, mwaka 1959, na Wachina wakatua huko na Chang'e 4 tarehe 3 Januari 2019. Haujafichwa na mtu.

Uongo inaouleta ni mdogo, nao ni kwamba kila chenye ukungu ni lenzi chafu, kumbe vingine ni makundi ya nyota au mawingu ya gesi. Na haitakuonyesha pete za sayari ya Zohali (Saturn), usidanganyike. Inamfaa familia, mtu wa kipato cha kawaida, na yeyote ambaye mchana ataitumia kwa ndege au Serengeti.

Darubini

Hii ndo ya pesa na ndo ya majuto pia. Darubini ya kwanza niliyonunua, dukani, nimetumia akiba ya miezi, boksi limeandikwa inakuza mara 675 na picha ya sayari imejaa boksi zima. Nyumbani ile miguu mitatu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nikigusa kirekebishio picha inatetemeka sekunde kadhaa, na mwezi kwa lenzi ya kukuza sana ulikuwa ukungu wa kijivu. Mpwa wangu akasema "anko imeharibika?" na iliniuma. Haikuharibika. Kanuni ni kwamba kukuza kunakofaa ni kama mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, lenzi ya milimita 60 mwisho wake ni 120, zaidi ya hapo unakuza ukungu. Kwa hiyo ukiona namba ya mamia mengi kwenye boksi la darubini ndogo rudisha mkono mfukoni, uliza upana wa lenzi na utikise stendi.

Na kuna jambo la huku kwetu hasa. Stendi ziko aina mbili, ya kwenda juu chini kushoto kulia, na ile yenye uzani wa chuma inayotakiwa ielekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, ncha kwetu iko chini kabisa kwenye upeo, nyota ya kaskazini inayotajwa kwenye vitabu vya maelekezo haionekani Arusha, na stendi nyingi za bei rahisi hazilali mpaka huko. Chukua ya aina ya kwanza.

Ukiipata nzuri, milimita 70 na kuendelea, kukuza mara 50 tu kunatosha kuziona pete za Zohali, na hilo hulisahau. Kuna miaka zinalala ubavu hazionekani vizuri, kama 2025, zinafunguka tena taratibu. Inavunja ule uongo kwamba anga limetulia, maana sayari inatoka nje ya duara unalotazamia ndani ya dakika chache, ni dunia yetu inazunguka.

Uongo inaouleta ni mkubwa na nimeusikia kwa watu wazima: "nimetazama mwezi kwa darubini, bendera ya Wamarekani sijaiona, basi hawakwenda." Mwezi uko kilomita 384,000. Darubini ya milimita 70 haiwezi kutofautisha kitu chini ya kilomita 3 hivi pale mwezini. Hata darubini ya Hubble, iliyoko juu ya hewa yetu, mwisho wake ni kama mita 90, karibu uwanja mzima wa mpira. Bendera haina hata mita mbili. Walikotua, watu 12 kati ya 1969 na 1972, pamepigwa picha kutoka karibu na chombo kinachouzunguka mwezi tangu 2009, LRO, na njia za miguu yao zinaonekana.

Inamfaa mtu ambaye bainokula ameshaimaliza na bado ana kiu, shule yenye mwalimu atakayeitunza, na mwenye uwanja au gari.

Na hili ni kwa bainokula na darubini zote, usilenge jua hata sekunde moja, unapofuka. Baadhi ya darubini zinakuja na kioo cheusi kidogo cha kufunga upande wa jicho eti kwa ajili ya jua, kinaweza kupasuka kwa joto ukiwa unatazama. Kitupe.

Kwa hali yako

Kama una watoto chini ya miaka kumi, fimbo na chungwa kwanza, pesa kaa nayo. Kama unaishi katikati ya mji, Kaloleni au Majengo, taa zimekuzunguka, bainokula inatosha kwa mwezi na Mshtarii, darubini itakaa kabatini. Kama una jamaa Monduli au shamba huko Boma Ng'ombe unakolala mara kwa mara, hapo darubini inaanza kuwa na maana. Kama kinachokusumbua ni vitu vinavyopita na kutisha watu, simu. Kama ni mwalimu na shule ina bajeti ndogo, bainokula mbili za mtumba zitahudumia watoto wengi kuliko darubini moja, foleni ya darubini inachosha na kila mtoto anaitingisha.

Na kama shida ni meseji zenyewe, yani kuelewa umbali, hapo kati ya hivi vinne sina cha kukupendekezea, tafuta mpira wa kikapu. Huo ndo dunia. Mpira wa tenisi ndo mwezi, uweke mita 7 kutoka hapo, watu wengi wanauweka kwenye nusu mita. ISS ni milimita 7 na nusu juu ya ngozi ya mpira, kidole hakipiti. Mirihi ni nazi iliyofuliwa. Tulifanya hivi na mpwa wangu Desemba, nilipokwenda Moshi, kaka yake akapanda baiskeli na ile nazi, nikamwambia aende kilomita moja moja kwa moja barabarani, kule ndiko Mirihi ilikokuwa 2003, ilipokuwa karibu kuliko wakati wowote kwa karibu miaka 60,000. Akafika akainyanyua juu. Mpwa wangu akakinga jua kwa mkono, akatazama weee.

"Anko, hata yeye mwenyewe simuoni."

Nikampa bainokula.